Mwongozo kamili wa kuangalia sehemu ya mwisho ya tamthilia ya uhalifu, na kuijadili bila kuvunja undugu

Sehemu ya mwisho ya tamthilia ya uhalifu haiangaliwi kama sehemu nyingine. Mtu ameshakaa na hadithi wiki saba, wiki kumi, wakati mwingine miaka, anamtafuta muuaji mmoja. Ikifika siku ya kujibiwa, anataka ajibiwe. Ndiyo maana usiku ule magrupu ya WhatsApp yanawaka moto, mwingine anajitoa kwenye grupu kabisa, na asubuhi yake kila mtu kazini ana hukumu yake mkononi.

Kwa ninavyoona mimi, ugomvi mwingi unatokana na mtu kutojua alikuwa anadai nini. Mwongozo huu unaanzia hapo: ujue unachodai kabla, uangalie ukiwa umetulia, halafu useme jambo lenye mashiko.

Onyo mapema. Nitaeleza wazi miisho ya The Killing ya Marekani, Line of Duty msimu wa 6, The Sopranos, True Detective msimu wa 1 na Dexter. Kama kuna moja bado unaitunza, kaiangalie kwanza, sisi tupo.

Hatua ya 1: Jua ni mwisho wa aina gani

Upo mwisho wa tamthilia nzima, ambapo kila kitu kinafungwa na watu wanaagana. Upo mwisho wa kesi, ambapo msimu mmoja ni kesi moja na msimu ujao ni kesi nyingine. Na upo mwisho wa kukuacha hewani, uliotengenezwa makusudi ili urudi mwakani. Ukienda na kipimo cha aina moja kwenye mwisho wa aina nyingine, lazima utoke na kinyongo.

Mfano mzuri ni The Killing. Kituo cha AMC kilipoanza kuionyesha Aprili 2011, mabango yake yaliuliza swali moja tu: nani alimuua Rosie Larsen? Watu wakakaa na swali hilo sehemu 13. Tarehe 19 Juni 2011 msimu ukafungwa bila jibu. Tena iligundulika kwamba picha iliyomtia hatiani mgombea umeya, Darren Richmond, ilikuwa ya kughushi, na mpelelezi Holder alihusika. Watazamaji wakawaka. Jibu lilipatikana mwisho wa msimu wa 2, Juni 2012, na kufikia hapo wengi walikuwa wameshaondoka zao.

Hasira ile ilikuwa ya haki, na nitasema kwa nini kwenye hatua ya pili. Lakini dalili zilikuwepo. The Killing ilitokana na tamthilia ya Denmark, Forbrydelsen ya mwaka 2007, ambayo ilimaliza kesi hiyo kwa sehemu 20. Aliyejua hilo, akaona Wamarekani wana sehemu 13 na wanakwenda kwa mwendo uleule wa taratibu, angeshtuka mapema.

Kwa hiyo, wiki moja kabla, tafuta majibu ya maswali haya: Msimu unaofuata umeshatangazwa? Kama hadithi imetoka kwenye kitabu au tamthilia ya nchi nyingine, chanzo hicho kilichukua urefu gani kumaliza? Na zikiwa zimebaki dakika kama 60, kuna maswali mangapi makubwa yaliyo wazi? Yakizidi matatu, jiandae kuachwa hewani. Usisome zaidi ya hapo, maana utaanza kukutana na vitu usivyotaka kuvijua.

Hatua ya 2: Andika madeni

Hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote, na ndiyo ambayo watu wanairuka.

Chukua daftari, ugawe ukurasa katikati kama mwenye duka anavyoandika waliokopa. Upande wa kushoto andika wanachodaiwa waandishi. Upande wa kulia andika unachotamani wewe. Vitu hivi viwili vinafanana sana vikiwa kichwani. Kwenye karatasi vinaachana.

Utajuaje kitu ni deni? Kwanza, kuna mhusika aliyeuliza swali hilo kwa mdomo wake, siyo wewe uliyelibuni. Pili, limerudi zaidi ya mara moja, katika sehemu tofauti. Tatu, tamthilia imetumia muda juu yake: imekuonyesha ushahidi, imemhoji mtu, imempoteza mtu. Kisichopita vipimo hivi, hata ukipende namna gani, kinakwenda kulia. Tangazo na bango navyo vinahesabika. AMC walibandika swali kwenye mabango, kwa hiyo walikopa hadharani, na ndiyo maana nasema hasira ya mwaka 2011 ilikuwa na msingi.

Tujaribu na Line of Duty ya BBC, tamthilia ya Jed Mercurio kuhusu AC-12, kitengo kinachochunguza polisi wala rushwa. Mwaka 2016, mwisho wa msimu wa 3, polisi msaliti Dot Cottan alikufa akijaribu kutoa siri ya bosi aliyeitwa H. Msimu wa 5, mwaka 2019, ukaeleza kwamba vidole vyake vilikuwa vinagonga nukta nne za Morse, ile lugha ya kugonga, maana yake wasaliti walikuwa wanne. Watatu walishajulikana: Cottan mwenyewe, Hilton na Biggeloe. Basi kabla ya mwisho wa msimu wa 6, ukurasa ungesomeka hivi:

Kushoto: wa nne ni nani? Ted Hastings, mkuu wa AC-12, ni msafi au la? Jo Davidson, polisi anayechunguzwa msimu huu, alilazimishwa na nani kufanya aliyoyafanya?

Kulia: wa nne awe Philip Osborne, mkuu wa polisi mzima. Akamatwe mbele ya kamera. Arnott na Fleming, wale wapelelezi wawili wakuu wa hadithi, wawe pamoja kazini kama zamani. Kuwe na risasi.

Kuna jambo moja gumu kulipanga: wa nne lazima awe mtu mkubwa, kichwa cha mtandao? Tamthilia ilimzungumzia H kwa miaka kana kwamba yuko juu kabisa. Lakini kugundua kwamba walikuwa wanne kulishapunguza ukubwa wake. Jambo la namna hii liandike katikati, juu ya mstari. Ndilo litakalowagombanisha watu, na mapema unalijua.

Ukurasa mmoja unatosha. Ukiandika kurasa tano, umeanza kuandika tamthilia yako.

Hatua ya 3: Rudia kidogo tu

Kurudia msimu mzima wikendi moja kunachosha, na mtu aliyechoka anahukumu vibaya. Rudia sehemu ya kwanza, maana ndipo mkopo ulipochukuliwa, na sehemu inayotangulia ya mwisho. Kama kuna sehemu moja iliyobeba ushahidi mkuu, iongeze.

Kingine ambacho watu hawakizingatii ni ule muhtasari wa mwanzo, wa "yaliyopita". Waandishi wanarudisha picha za zamani ambazo watazitumia usiku huohuo. Ukiona wamemrudisha mtu uliyekuwa umemsahau tangu msimu wa pili, huyo ana kazi leo. Wanaopenda kushtukizwa waufumbie macho. Wanaopenda kukisia waukodolee.

Hatua ya 4: Saa, na kujikinga na wamwaga mtama

Tamthilia nyingi kubwa za vituo vya kebo vya Marekani huonyeshwa Jumapili saa 3 usiku kwa saa za pwani yao ya mashariki. Kwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hiyo ni Jumatatu saa 10 alfajiri kukiwa na majira yao ya joto, au saa 11 alfajiri wakati wa baridi. Ya Uingereza ikianza saa 3 usiku London, kwetu ni saa 5 usiku majira ya joto na saa 6 usiku majira ya baridi. Netflix kwa kawaida huachia vitu vyake usiku wa manane wa California, yaani saa 4 au saa 5 asubuhi kwetu, watu wako kazini. Walioko Bujumbura, Kigali na Goma watoe saa moja. Walioko Muscat waongeze saa moja. Wenzetu hubadilisha saa mwezi Machi na tena Oktoba au Novemba, kwa hiyo mwisho wa msimu ukiangukia miezi hiyo hakikisha upya.

Kama utaangalia siku hiyohiyo, kinga yako ni ya masaa machache. Kama unasubiri mtu wa duka la muvi akurushie kwenye flashi, au unasubiri iliyotafsiriwa, unahitaji kinga ya wiki nzima. Fanya hivi:

Nyamazisha maneno kwenye mitandao inayoruhusu: jina la tamthilia, majina ya wahusika wakuu, na majina ya waigizaji pia. Watu wengi wanasahau la mwisho, halafu wanakutana na "asante kwa miaka saba" kwenye ukurasa wa mwigizaji, wanajua kafa.

WhatsApp, zima status za wale wawili watatu unaowajua. Kila mtu ana binamu wa namna hiyo.

YouTube usiifungue kabisa. Picha ya mbele ya video inatoboa siri kabla hujasoma kichwa chake.

Usimtafute mwigizaji kwenye Google. Ukiandika jina la mhusika tu, utafutaji unakumalizia na neno la kifo. Na zile kurasa zinazoorodhesha mwigizaji kaonekana sehemu ngapi na mpaka mwaka gani ni hatari kuliko rafiki mropokaji.

Ukitumia maandishi ya chini, fahamu kwamba mara nyingine yanataja jina la anayeongea kabla sura yake haijaonekana. Sauti ya kwenye simu inayotakiwa kuwa fumbo inaandikwa na jina lake kamili. Kwa usiku huu, kama lugha unaisikia vizuri, yazime.

Sasa tuje kwa wenye kumwaga mtama bila kujua. Angalia mazungumzo haya:

"Shikamoo mjomba. Umeshamaliza?"

"Marahaba. Bado, niko sehemu ya nne."

"Basi sisemi kitu, mjomba. Ila ukifika ya saba uwe na kitambaa karibu."

Kijana anadhani katunza siri. Hajatunza. Mjomba sasa anajua kuna msiba sehemu ya saba, na kila mtu anayempenda atamwangalia kama mgonjwa mahututi. "Sikutegemea", "usimwamini mtu", "subiri tu uone": yote ni kutoboa. Jibu salama kwa ambaye hajaangalia ni moja: "Ukimaliza nipigie, mjomba."

Hatua ya 5: Usiku wenyewe

Weka umeme, yaani Luku isiwe na yuniti mbili, na bando la kutosha pamoja na la akiba. Kama unaweza kupakua mapema, pakua. Chakula kiwe kimeshaliwa. Watoto walale; tamthilia hizi hazina adabu.

Chagua watu. Wawili au watatu wanaojua hadithi wanatosha. Asiyefuatilia ataanza na "huyu ni nani?" dakika ya tano, na kwa heshima utamjibu, na wakati unamjibu ndipo bunduki itakapolia. Kama ni mgeni au mkubwa wako huwezi kumkatalia, mweleze kisa kizima wakati wa chakula, kabla hamjawasha.

Simu ziwekwe mbali, kifudifudi. Na rimoti iwe ya mtu mmoja.

Hilo la rimoti lina sababu. Tarehe 10 Juni 2007 HBO ilionyesha sehemu ya mwisho ya The Sopranos, ya 86, iliyoandikwa na kuongozwa na David Chase mwenyewe. Tony Soprano, mkuu wa genge la New Jersey, anaingia mgahawani, anakaa, anachagua wimbo kwenye kisanduku cha mezani. Mke wake anafika. Mtoto wa kiume anafika. Zinaletwa pete za vitunguu. Mwanamume mmoja aliyekaa kaunta anainuka, anawapita, anaingia chooni. Nje binti yake Meadow anahangaika kuegesha gari. Anarudi nyuma, anakosea, anaanza tena. Hatimaye anakimbilia mlangoni. Kengele ya mlango inalia, Tony anainua uso.

Giza. Hakuna sauti. Skrini imebaki nyeusi kwa takriban sekunde kumi, ndipo majina yakaanza kupita.

Marekani nzima watu walidhani kebo imekatika. Wengine waliinuka kushika nyaya, wengine wakabonyeza rimoti kwa hasira, na waliobonyeza walipoteza sekunde zilizokuwa sehemu ya kazi yenyewe. Basi kanuni: hakuna anayegusa kitu mpaka majina yameisha yote. Huku kwetu, ambako giza la ghafla mara nyingi ni shirika la umeme, angalia kwanza kama taa ya king'amuzi bado inawaka.

Hatua ya 6: Nusu saa ya kwanza

Ikiisha, usishike simu. Nenda kwenye ule ukurasa wa madeni ukiwa bado na moto, uweke alama kushoto: limelipwa, limelipwa nusu, halijalipwa. Halafu andika mistari michache ya unavyojisikia, bila kujitetea.

Hapa kuna vitu viwili vya kutenganisha. Kuumia kwa sababu mhusika unayempenda amekufa ni ushahidi kwamba waandishi walifanya kazi yao. Kuumia kwa sababu amekufa kijinga, kwa njia ambayo hadithi haikuiandaa, ni lalamiko juu ya kazi. Usiku huo vyote vina ladha moja ya machungu. Tumezoea kwamba steringi hafi, na akifa tunatafuta wa kumlaumu. Lakini katika tamthilia ya uhalifu steringi mara nyingi ni mhalifu, na deni lake kwa marehemu wake lilikuwa la muda mrefu.

Ukishaandika, lala. Aliyeangalia saa 10 alfajiri aende kazini.

Hatua ya 7: Mara ya pili

Siku mbili au tatu baadaye, rudia sehemu ya mwisho peke yako. Sasa unajua kitakachotokea, kwa hiyo macho yanaacha kukimbilia jibu na yanaanza kuona kazi. Mara ya kwanza ulikuwa unashindana na waandishi. Mara ya pili unawakagua.

Turudi Line of Duty, tarehe 2 Mei 2021. Usiku ule watu milioni 12.8 walikuwa mbele ya BBC One. Mfungwa analetwa chini ya ulinzi kuhojiwa AC-12, na kamera inamficha uso mpaka anapoingia kwenye chumba cha vioo. Ni Ian Buckells. Yule yule afisa mzembe aliyekuwepo tangu msimu wa kwanza mwaka 2012, ambaye hakuna aliyempa uzito. Kinachomfunga ni kosa la tahajia: neno la Kiingereza "definately", lenye "a" pasipostahili, lililokuwa kwenye ujumbe wa H na likakutwa pia kwenye maandishi yake ya kazi.

Mitandao ililipuka. Wengi waliona wamezugwa miaka tisa kwa ajili ya mtu wa hovyo.

Sasa irudie ukiwa umetulia. Lile neno lilishaonekana msimu wa 5, wakati Hastings anajifanya H kwenye kompyuta, na mashabiki wakalitumia kumshuku yeye. Kwa hiyo deni lilikuwa limeandikwa wazi miaka miwili kabla. Na Buckells anapobanwa, anajieleza kama mpitisha maagizo tu: anapokea, anapeleka, anachukua hela yake. Hakuna jitu nyuma yake, kuna wakubwa waliokuwa wanampandisha cheo na kuangalia pembeni. Maandishi ya kufunga yanasema kitengo kimepunguzwa nguvu. Ukiweka haya pamoja, unaona Mercurio alikuwa anasema jambo kuhusu rushwa: mara nyingi haina akili nyingi, ina ulinzi.

Je, hilo linafuta malalamiko? Kwangu mimi, nusu tu. Jina lilitolewa, ushahidi ulikuwepo, kwa hiyo deni la "nani" lilipwe kwenye hesabu. Lakini walimjenga H kama jinamizi kwa miaka mingi kupata watazamaji, halafu siku ya malipo wakalipa kwa sarafu za senti. Zilitimia, ila nazo ni senti. Anayesema "ilikuwa mbovu kabisa" na anayesema "hamkuielewa" wote wanaangalia upande mmoja wa ukurasa.

Hatua ya 8: Sema maoni yako, na sema vizuri

"Wameharibu" siyo maoni. Ni mguno. Kama unataka watu wakujibu jambo la maana, weka vitu vitatu kwa mpangilio wowote: tukio moja mahususi, deni linalohusika nalo, na hukumu yako. Kwa mfano:

"Nimeangalia mara mbili. Buckells kuingia kwenye chumba cha vioo kulinikata stimu, lakini ile tahajia ilikuwa haki, walishaionyesha. Shida yangu ni Jo Davidson: msimu mzima tumeambiwa yuko katikati ya kila kitu, halafu mwisho anapewa nyumba ya kijijini na mbwa kwa dakika chache. Hapo naona wamekimbia."

Ujumbe kama huo unaweza kupingwa, na kupingwa kwake kutaleta mazungumzo. Kama ni ujumbe wa sauti usizidi dakika mbili. Wa dakika nane hausikilizwi, unarukwa.

Kuhusu lini uongee, mimi nina kanuni hii: tamthilia ya kila wiki, siku tatu za kimya kwenye grupu la watu mchanganyiko, ile inayoachiwa yote kwa mpigo, subiri mpaka wikendi moja ipite. Kwenye status, kamwe. Status haina mlango. Anaingia hata aliyekuwa anapita. Admini anaweza kubandika tangazo la namna hii mapema:

"Habari zenu wapendwa. Leo saa 5 usiku ni sehemu ya mwisho. Watakaoangalia leo wahamie grupu la Waliomaliza, namba nitawaongeza. Hapa hakuna jina la mtu, hakuna emoji ya jeneza, hakuna 'jamani siamini', mpaka Jumatano jioni. Mjomba yuko safarini, tumsubiri."

Hatua ya 9: Kubishana

Yule anayesema "mimi nilijua tangu sehemu ya kwanza" mwombe kwa upole aonyeshe ujumbe wenye tarehe. Asipokuwa nao, mpe chai, muendelee.

Mwigizaji mwacheni nje ya ugomvi. Mwezi Agosti 2013, Breaking Bad ikiwa imebakiza wiki chache kufika mwisho wake wa tarehe 29 Septemba, Anna Gunn, aliyeigiza Skyler White, aliandika makala The New York Times kuhusu chuki aliyokuwa anapata. Watu walikuwa wamechukia mke wa mhalifu kuliko mhalifu mwenyewe, kisha chuki ikavuka skrini ikamfuata mwanamke aliyekuwa anafanya kazi yake. Kama una hasira na mhusika, taja jina la mhusika. Kama una hasira na uandishi, taja mwandishi na tukio. Kwenye ukurasa binafsi wa mwigizaji usiende kabisa.

Halafu nadharia. Hizi ni utamu wenyewe, lakini zina namna ya kugeuka sumu. Mapema mwaka 2014 msimu wa kwanza wa True Detective uliwafanya mashabiki wasome kila picha ukutani na kila jina la kitabu cha zamani wakimtafuta "Mfalme wa Njano". Wengine waliamini mpelelezi Rust Cohle ndiye muuaji. Usiku wa mwisho, Machi 9, huduma ya HBO Go ilizidiwa ikaanguka. Muuaji akawa Errol Childress, mkata nyasi aliyekuwa ameshaonekana sehemu ya tatu akiongea na Cohle nje ya shule iliyofungwa. Waliojenga majumba ya nadharia waliona wamedhulumiwa. Lakini angalia deni: tamthilia iliahidi muuaji wa eneo lile, mwenye kovu usoni, aliyelindwa na familia yenye nguvu. Huyo ilimtoa.

Kabla hujaamini nadharia, iulize: inategemea kitu kilichoonyeshwa, au kitu ambacho hakikuonyeshwa? Ikiwa kweli, inabadilisha nini katika hadithi? Na mwandishi angehitaji dakika ngapi kuieleza? Inayohitaji nusu saa ya maelezo haiwezi kuingia kwenye sehemu ya mwisho yenye watu wa kufa na kuzikwa.

Hatua ya 10: Waandishi wakiongea, na wafu wakirudi

Baada ya wiki chache mahojiano yataanza. Yasome, lakini yaandike na tarehe yake, maana waandishi nao hubadilika. Siku moja baada ya The Sopranos kuisha, David Chase aliliambia gazeti la The Star-Ledger la New Jersey kwamba hana nia ya kueleza wala kutetea kilichomo. Mwaka 2021 akazungumza na The Hollywood Reporter kwa namna iliyofanya wengi waseme amekiri kuwa Tony anakufa. Ulichokiona skrini hakijabadilika hata picha moja kati ya kauli hizo mbili. Nenda na skrini kwanza, mahojiano yafuate.

Na usiwahi kumzika mtu haraka. Dexter, tamthilia ya muuaji mwenye jina hilohilo, iliisha Septemba 2013 naye akiwa hai, mkata magogo mwenye ndevu, mwisho ambao mashabiki wake wengi hawakuusamehe. Ikarudi kama New Blood, na tarehe 9 Januari 2022 mtoto wake mwenyewe, Harrison, akampiga risasi ya kifua. Watu wakaagana naye tena, safari hii wengine wakiwa wameridhika kwamba deni la mwaka 2013 limelipwa. Julai 2025 ikaanza Resurrection, na Dexter akafumbua macho kitandani. Aliyekuwa ameandika hukumu yake kwa penseli alipata nafuu.